Chai moto ndani ya treni: kwa nini Warusi wanavisha kilauri koti la feza

Kila mtu wa Kamina aliyekwisha kufunga safari ya treni anajua jambo hili: chai moto na wagoni inayotikisika hazipatani. Ama unangoja chai ipoe, ama unangoja treni isimame. Wamama wanaouza chai na termosi kandokando ya reli wanajua vilevile, ndiyo maana hawajazi gobele mpaka juu. Plastiki inalainika kwa moto, vidole vinaanza kuungua, na kama mtoto amekaa magotini pako, hatari iko karibu sana. Chai haihitaji kuwa inachemka ndipo iumize. Maji ya digrii 60 tu yanatosha kuunguza ngozi ya mtoto mdogo kwa sekunde chache, na chai inayotoka kwenye termosi nzuri mara nyingi inapita hapo.

Leo tunaeleza namna watu wa reli nyingine, mbali kabisa na kwetu, walivyoshughulikia jambo hilo. Ni Warusi. Reli yao kubwa ya Siberia, kutoka Moscow mpaka Vladivostok, ina kilomita 9,288, na ukipanda mwanzo mpaka mwisho unapitisha karibu siku saba ndani ya treni. Ilianza kujengwa 1891, ikamalizika kabisa 1916. Siku saba bila chai, kwenye baridi ile ya kule, nani ataweza? Wakapata jibu kwenye chombo kidogo cha chuma chenye sikio, ambamo glasi inaingia na kukaa kama mtu aliyevaa koti. Kirusi kinakiita podstakannik. Stakan ni glasi, pod ni chini. Kwa Kiswahili hakina jina, basi hapa tutasema kishikio cha kilauri, kwa kuwa sisi huku Katanga glasi tunaiita kilauri na kila mtu ataelewa.

Kishikio chenyewe kiko namna hii. Chini kuna kitako cha chuma, kipana na kizito. Juu ya kitako kunapanda ukuta wa mviringo unaofika nusu ya kilauri au kupita kidogo, na ukuta huo mara nyingi umetobolewa matundu ya maua, majani au picha. Pembeni kuna sikio kubwa, vidole viwili vitatu vinaingia bila kubanana, na juu ya sikio kunakuwa na kibapa kidogo cha kuegemeza kidole gumba. Kilauri kinaingia ndani na kutulia. Mdomo unagusa glasi, mkono unagusa chuma.

Utauliza: kwa nini wasichukue kikombe chenye sikio, mambo yaishe? Hata mimi nilijiuliza hivyo. Jibu liko katika desturi. Chai ilifika Urusi katika karne ya 17, ikitoka China kwa misafara ya ngamia, na kwa muda mrefu ilikuwa kitu cha bei kali. Baadaye, ilipoenea, kukawa na mazoea ya wanaume kunywa chai kwenye glasi na wanawake kwenye vikombe vya kaure. Mwandishi Mfaransa Alexandre Dumas, yule wa Les Trois Mousquetaires ambaye wengi tulimkuta shuleni, alitembea Urusi na akaacha maelezo juu ya jambo hilo katika kitabu chake kikubwa cha upishi kilichotoka 1873. Anasimulia kwamba vikombe vya kwanza vilikuwa na picha ya mji wa Kronstadt kwenye sakafu ya kikombe. Mwenye hoteli akiweka majani kidogo, chai inakuwa nyepesi, mteja anaona Kronstadt waziwazi na kuanza kulalamika. Basi wenye hoteli wakaona afadhali glasi, ambayo chini yake hakuna cha kuonekana. Dumas alipenda hadithi kuliko ushahidi, na mimi hii naichukua kama kichekesho. Lakini kuna ukweli ndani yake: katika glasi mtu anaona rangi ya chai yake, anajua kama amepewa chai au amepewa maji.

Shida ya glasi ni kwamba haina pa kushika. Watu wa dunia nzima wamepambana na jambo hili, kila mmoja na akili yake. Waturuki wana glasi ndogo yenye kiuno chembamba, wanaishika juu kabisa kwenye mdomo na hawaijazi. Kwenye pwani ya Waswahili, Lamu, Mombasa, Zanzibar, na kule Oman pia, kahawa inamiminwa kidogo kidogo katika kikombe kidogo kisicho na sikio, ndiyo maana kinashikika. Waturuki na Waarabu wa zamani walikuwa pia na zarf, kijikoti cha shaba au feza cha kuvalisha kikombe cha kahawa. Kwa umbo, zarf na kishikio cha Warusi ni ndugu, isipokuwa zarf haina sikio. Sisi tuna kopo la emaye, ambalo lina sikio lakini mdomo wake unaunguza midomo, na tuna gobele.

Mwanzoni kishikio cha kilauri kilikuwa kitu cha nyumba za wenye nacho. Wafua feza wa Urusi walikitengeneza kwa feza halisi, wakakichonga, wakakitia rangi nyeusi katika michoro. Hata nyumba ya Fabergé, ile iliyotengenezea mfalme wa Urusi mayai ya dhahabu, ilitoa vishikio. Mafundi wengine walikuwa wakisokota nyuzi nyembamba za feza na kuzichomelea zikawa kama kitambaa cha kufuma. Kama mambo yangebaki hapo, chombo hiki kingekuwa leo ndani ya kabati za vioo tu, na sisi tusingekuwa na sababu ya kukizungumzia.

Kilichokibadilisha ni treni. Watu wa reli wa kule wanapenda kusimulia kwamba aliyekiingiza kwenye wagoni ni Sergei Witte, aliyekuwa waziri wa njia za usafiri mwaka 1892. Iwe ni yeye au si yeye, mwishoni mwa karne ya 19 reli zilikuwa zinarefuka, safari zinachukua siku nyingi, na chai ilipaswa kutolewa kwa watu waliokaa juu ya magurudumu. Kitako kizito kikaonyesha faida yake. Kilauri peke yake juu ya meza ya wagoni kinaanguka kwenye kona ya kwanza. Kilauri ndani ya kishikio kina uzito chini, kinayumba kidogo na kurudi mahali pake.

Baada ya mapinduzi ya 1917 reli zikabaki za serikali, na wakati wa Sovieti kishikio kikawa chombo cha kazi cha kila wagoni, kama vile blanketi na taa. Mpangilio huo uko mpaka leo. Mwisho wa ujia wa wagoni kuna mtungi mkubwa wa kuchemsha maji, wanauita titan. Maji ya moto ni ya bure kwa kila abiria, mchana na usiku. Mhudumu wa wagoni, na mara nyingi ni mwanamke, ana kabati yake ya vilauri na vishikio. Unamwomba chai, unalipa kidogo, anakuletea kilauri ndani ya kishikio, kijiko ndani, na sukari ya vipande iliyofungwa kwenye karatasi. Wengine wanatia limau. Wazee wengine hawakorogi sukari. Wanauma kipande na kupitisha chai juu yake. Usiku treni ikikimbia, vijiko vinagonga glasi kwenye kila meza, na Mrusi aliyesafiri utotoni hasahau ule mlio. Ukimaliza unarudisha. Mhudumu anahesabu vyombo vyake, kwa sababu kikipotea yeye ndiye anaulizwa.

Hapo ndipo mimi naona uzito wa habari hii. Wagoni za Urusi zina madaraja. Kuna chumba cha watu wawili chenye mlango, kuna chumba cha watu wanne, na kuna ile wagoni ya wazi ya vitanda hamsini na zaidi, ambamo askari, wanafunzi na wamama wenye mizigo wanalala miguu ikitokea kwenye njia. Ukiomba chai kwenye wagoni ile ya chini, unaletewa kilauri kimevaa kishikio chake, sawa na abiria wa juu. Hakuna aliyesema kwamba hawa, kwa vile wamelipa kidogo, wanywee kwenye mikebe. Nchi ile ina makosa mengi ambayo si kazi ya ukurasa huu kuyahesabu, lakini kwa jambo hili la kilauri walifikiri vizuri.

Sisi wa Kamina tuna haki ya kupima jambo hili kwa macho ya watu wa reli. Mji huu njia ya chuma imeukuza. Kampuni ya BCK ilifikisha reli kutoka Bukama mpaka Ilebo, iliyoitwa Port-Francqui wakati ule, mwaka 1928, na kutoka Lubumbashi mpaka Ilebo ni zaidi ya kilomita 1,500. Miaka ya 1950 ikaongezwa njia ya kutoka Kamina kwenda Kabalo, ndipo Kamina ikawa njia panda: Lubumbashi huku, Kasai kule, Tanganyika na Maniema upande mwingine. Reli yetu ina upana wa milimita 1,067 kati ya chuma na chuma. Ya Warusi ina 1,520, karibu nusu mita zaidi, na hata hivyo wao waliona chai itamwagika. Safari zetu pia zinapitisha siku na usiku njiani, watu wanapika, wananyonyesha, wanaugulia humo humo. Kila mmoja anabeba kopo lake kutoka nyumbani.

Sasa tuje kwenye moto wenyewe, kwa sababu watu wengi wanadhani feza ndiyo inazuia moto. Apana. Ni kinyume. Feza ndiyo inapitisha moto kuliko chuma kingine chochote cha kawaida, hata kuliko shaba. Ukitia kijiko cha feza halisi ndani ya chai, baada ya muda mfupi mwisho wa kijiko unaunguza vidole. Kwa hiyo kishikio cha feza tupu ni kizuri kwa macho, lakini sikio lake linapata moto. Kinachokuokoa ni ufundi: yale matundu kwenye ukuta yanapunguza sehemu ambazo chuma kinagusa glasi, hewa inapita katikati, na sikio limeungwa mahali pawili tu, mbali na kilauri.

Chuma kinachofaa zaidi ni kile cha bei ndogo. Katika karne ya 19 Wafaransa wawili wa Lyon, Maillot na Chorier, walitoa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki unaong'aa kama feza. Kutokana na majina yao watu wakauita maillechort, na neno hilo likasafiri mpaka Urusi likawa melkhior. Warusi siku hizi wanaita hivyo mchanganyiko wa shaba na nikeli. Wenye zinki una jina lake jingine. Kuchanganya nikeli na shaba kunaziba njia ya moto. Mchanganyiko huo unapitisha moto kwa shida, kama mara kumi hivi chini ya feza au shaba tupu. Ukiupaka feza nyembamba juu kwa njia ya umeme, unapata kishikio kinachong'aa kama cha tajiri na kisichounguza kama cha tajiri. Mimi kama ningechagua, ningechukua hicho.

Vishikio vingi vya treni vilitoka kwenye kiwanda kimoja, cha mji wa Kolchugino, upande wa mashariki wa Moscow. Kiwanda hicho kilianzishwa 1871 na mfanyabiashara Alexander Kolchugin. Mwanzoni kazi yake ilikuwa kuvuta nyuzi za shaba.

Shaba! Mtu wa hapa akisikia neno hilo hawezi kupita haraka. Jimbo letu lote liliitwa Shaba kuanzia 1971 mpaka 1997, na shaba ya kusini inapita Kamina juu ya magurudumu tangu zamani za babu zetu. Inapita ikiwa vipande vizito, inakwenda kutengenezwa vitu mahali pengine. Lakini si kwamba mikono ya huku haikujua kazi. Kando ya ziwa Kisale, humu humu Haut-Lomami, wachimbuaji wa mambo ya kale walifungua makaburi ya Sanga kuanzia miaka ya 1950, wakakuta watu waliozikwa na vyungu vilivyopambwa vizuri na mapambo ya shaba, na katika makaburi ya baadaye misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama feza ya kununulia. Makaburi yale yana miaka mamia, mengine yanafika elfu na zaidi. Na leo Lubumbashi kuna mafundi wanaogonga mabamba ya shaba na kutokeza sura za watu na wanyama. Kishikio cha kilauri si kazi ya kuwashinda hao. Ukuta ni bamba lililokunjwa, sikio ni chuma kilichopindwa na kuchomelewa. Shaba tupu itaunguza, lakini ukilifunga sikio kwa kamba ya ngozi au ukaweka mti, unashika bila taabu.

Turudi kwa Warusi, maana picha zilizo juu ya vishikio zinastahili neno. Wakati wa wafalme ilikuwa maua, farasi watatu wa kuvuta gari la theluji, alama za ukoo. Wakati wa Sovieti serikali ilitambua kwamba abiria anakaa saa nzima akiangalia kilauri chake, basi ikaweka juu yake kile ilichotaka kiangaliwe: minara ya Kremlin, masuke ya ngano, nyota. Mwaka 1957 waliporusha Sputnik angani, na 1961 alipokwenda Yuri Gagarin, vishikio vikajaa roketi na dunia inayozungukwa. Michezo ya Olimpiki ya Moscow ya 1980 nayo ikapata picha yake. Ni propaganda, ndiyo, lakini ile ya Sputnik imechorwa vizuri kiasi kwamba nasamehe.

Vitu hivi vilifikaje Afrika? Kwa valizi za wanafunzi. Februari 1960 Moscow ilifunguliwa chuo kikuu cha vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Lumumba aliuawa hapa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na mwezi uliofuata chuo kile kikapewa jina lake. Jina liliondolewa 1992, likarudishwa 2023. Kutoka kwetu njia ilikuwa nyembamba, kwa sababu Mobutu alifukuza ubalozi wa Sovieti mwezi wa Septemba 1960. Kongo-Brazzaville, Tanzania, Kenya na Angola walituma wengi zaidi. Kule Kenya Oginga Odinga ndiye aliyewatafutia vijana wengi bursi za upande ule. Mwanafunzi aliyerudi alileta diploma, kofia ya manyoya, na mara nyingine kishikio cha kilauri, kwa kuwa ndicho alichonywea chai safari nzima na bei yake haikumshinda.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama mzee wa kwenu alisoma kule, au ulinunua vitu vya nyumba ya mtu aliyehama, angalia vizuri kabla ya kumpa mnunuzi wa mitraye. Yeye anapima kwa kilo na hasomi maandishi. Geuza kishikio, tafuta alama chini ya kitako au karibu na sikio. Namba 84 ni feza ya wakati wa wafalme. Warusi wa zamani waligawa uzito sehemu 96, na 84 kati yake zilikuwa feza safi. Namba 875 au 916 ni feza ya wakati wa Sovieti. Kabla ya 1958 kando ya namba kunakuwa na kichwa cha mfanyakazi mwenye nyundo, na baada ya hapo nyota. Ukiona herufi МНЦ, ni za Kirusi: shaba, nikeli, zinki. Hapo feza iko juu tu, kama rangi, na ikianza kufutika utaona umanjano unatokeza kwenye sikio ambapo vidole vinapita. Bei yake ni ndogo kuliko ya feza, lakini bado haifanani na bei ya chuma cha kuyeyusha.

Weusi unaokijaa si kutu na hauharibu kitu. Tumia bikaboneti ile ya kupikia, kitambaa laini na maji ya uvuguvugu. Usitumie majivu ya mchanga wala ile nyuzi ya chuma ya kusugulia safuria, itakwangua feza yote kwa siku moja. Na kama glasi yake ilivunjika zamani, usikiache tupu. Warusi wanatumia kilauri chembamba cha mililita 250, kilichonyooka. Chukua kishikio uende nacho sokoni, ujaribishe. Kikicheza ndani, zungushia kipande cha kitambaa chini. Halafu kabla ya chai ya kwanza mimina maji ya uvuguvugu ndani na uache kijiko humo, ili glasi isishtuke na kupasuka.